Mstari Unaoitikia Hodi

Taavet aliponiachia zamu aliniachia na mapambo yake.
Kila nilipobisha hodi kwenye seva
mstari wa kupokea amri uliitikia kwa hotuba:
saa, dakika, sekunde; chaji ya betri,
ilhali mashine imechomekwa ukutani tangu inunuliwe;
hali ya hewa ya Tartu, nyuzi kumi na nne chini ya sifuri;
njia ya saraka, kutoka shinani hadi kitawi cha mwisho;
uyoga mdogo mwekundu, sijui wa nini;
na rangi juu ya rangi,
kama bibi harusi aliyevalishwa na mashangazi saba.

Jina la mashine nalo lilikuwamo,
limesukumwa ukingoni, limekatwa herufi.

Hospitali ina seva mbili, zina majina ya samaki wa mtoni.
Haug ni ya kazi, inatunza picha za mifupa na mapafu.
Ahven ni ya majaribio, haina la mtu.
Usiku ule wa Februari niliandika amri ya kufuta
nikiamini namwambia Ahven.

Haug akatii.

Kwa muda wa saa tisa tulirudisha picha kutoka kwenye kanda.
Daktari Viive Kallaste alishuka na kikombe chake cha kahawa,
akasimama mlangoni, akautazama mgongo wangu,
akapanda tena bila neno.
Afadhali angenitukana.

Asubuhi sikwenda kulala. Nilifungua faili la mipangilio
nikaanza kufuta, safari hii kwa makusudi.

Betri, kwaheri.
Saa ipo ukutani, ya stesheni ya zamani,
inachelewa dakika mbili, tumeizoea.
Uyoga: nilimpigia Taavet simu kumuuliza maana yake.
Akasema, "Ulikuwa unanichekesha tu, usiku."
Nikanyamaza kidogo. Nikaufuta.

Hali ya hewa ndiyo iliyonipa taabu.
Chumba chetu hakina dirisha,
na ile namba ndiyo ilikuwa mbingu yangu.
Niliiacha siku tatu.
Siku ya nne nikaanza kupanda ngazi
kwenda kuiona theluji mwenyewe.

Njia ya saraka niliikata, nikabakisha jina la mwisho.
Anayekuuliza uko wapi humo ndani
hataki nasaba ya nyumba. Mtajie chumba.

Amri ikifaulu, mstari usiseme kitu.
Ikishindwa, utaje namba ya kosa, mara moja,
kama mtoto aliyevunja sahani akaja mwenyewe kukiri.

Alama ya mwisho, pale kishale kinapopepesa,
ilinila juma zima.
Alama ya dola ilikuwa kama inanidai.
Mshale ulinisukuma: haya, haya, andika!
Nikaweka nukta mbili,
maana nukta mbili humwachia mwenzake neno.

Na rangi? Moja. Nyekundu, ya Haug peke yake.
Ahven na abaki na kijivu chake.

Taavet alipita mwezi Machi, barafu ya Emajõgi ikianza kupasuka,
akainama begani kwangu: "Umeuacha uchi!"
Nikamwambia huo si uchi;
umevaa shati moja, safi, vifungo vimefungwa.
Akacheka, akaomba nimnakilie lile faili.
(Baadaye niliona kwake ameurudisha uyoga.)

Jana usiku, saa nane, diski ilijaa,
nafasi imekwisha, lazima kitu kitoke.
Nilibisha.

          haug picha:

Nyekundu.
Vidole vilikuwa tayari juu ya kibodi.
Nikavinyanyua, nikaviweka mapajani,
nikausoma mstari wote, maneno mawili,
kwa sauti, chumba kitupu,
kisha nikaenda kumwamsha mtu wa pili.